Kisarawe Nimeitoa kwa Kitendawili

Asiyeamini aje apapase mapaja yangu, aone yalivyokakamaa, na mimi siku hizi sipandi kitu kirefu kuliko kitanda. Nimejilaza baada ya chakula cha mchana, hapahapa Kisarawe, simu imekaa kifuani, na ndani ya simu mtani wangu Luhende anaendesha baiskeli. Ni video yake ya mwisho kunitumia kutoka Uingereza, alikokwenda kukaa na mwanawe tulipostaafu kazi ya mabomba ya maji. Simu ameifunga kwenye usukani, kwa hiyo mwenyewe haonekani. Inaonekana barabara nyembamba ikipanda na kushuka kati ya nyua za miiba, vilima vya kijani, kondoo, ukuta wa mawe, kilima tena, na nyuma ya vyote hivyo pumzi yake, huu, huu, na sauti ikiniambia, Mzaramo wee, saa hizi bado umelala? Aliniahidi tutaipanda pamoja njia hiyo. Kisha akafa, wakamzika hukohuko kwenye baridi, mchungaji akasoma, watu wakainamisha vichwa, wakaenda kunywa chai. Msukuma mzima kazikwa bila Mzaramo wa kulizuia jeneza lake, bila mtani wa kumwiga na kumsuta mpaka machozi ya wafiwa yabadilike ladha. Tangu siku hiyo sina raha. Naitazama ile barabara, nafumba jicho moja, inapunguza mwendo. Nafumba la pili, na badala ya kupotea inanijia usoni, inapanuka, upepo wa huko unaniingia mikononi mwa fulana, na mimi niko juu ya baiskeli.

Baiskeli yenyewe siijui ni ya nani. Nyepesi kama kapu tupu, kiti chembamba kama mwiko, na mimi nimevaa msuli, upepo unaupandisha mpaka kondoo wanageuza nyuso kwa heshima. Nikiitazama barabara inapanda, nikiangalia pembeni inashuka, kwa hiyo naendesha kichwa upande kama kuku anayesikiliza. Nafika kijiji: kanisa la mawe kulia, kilabu cha pombe chenye kibao cha mbweha kushoto, daraja, bata. Napita, napanda, nashuka, nafika kijiji, na ni kilekile, ila kanisa limehamia kushoto, saa ya mnara inarudi kinyume na bata wanaogelea wametanguliza mikia. Napita, napanda, nashuka, na kijiji kinanisubiri kimejigeuza tena. Hapo ndipo anapotokea pembeni yangu mwendesha baiskeli mmoja, kaptura ya kubana, kofia ngumu kichwani, na chini ya kofia hana uso, laini tupu, yai la kuchemsha lililomenywa. Habari za njia, bwana, namwambia. Anasema, Kitendawili. Mdomo hana, sauti anayo, na Kiswahili chake ni cha kwetu pwani kabisa. Ukishaambiwa hivyo utafanyaje? Nasema, Tega. Anasema, Amelala chali mchana kutwa, watu wanamkanyaga, na kila waendako yeye keshafika. Nawaza weee. Mkeka, nasema. Mkeka umefika wapi, we mzee? Jibu ni barabara, umeikalia na huioni, nipe mji. Nampa Chalinze, maana nawaza, Chalinze si pa kupita tu? Anafumba ngumi. Kona ya mbele kuna kibao kimeandikwa Chalinze, na chini yake kijiji cha mawe, manyunyu, bata. Najaribu kuikumbuka Chalinze yenyewe, njia panda yake, harufu ya nyama ya kuchoma, na siioni. Limebaki jina mdomoni kama jojo iliyokwisha utamu.

Tunakwenda. Yeye hatoki jasho, mimi natoka la watu wawili. Namwambia, Namtafuta Luhende, Msukuma mmoja, mwili kama mtungi, akipanda kilima hutoa ulimi. Yupo, anasema, tunampita kila zamu. Mbona hasimami? Hajasimamishwa, anasema, na tena, Kitendawili. Tega. Wamembeba wengi, wamemlilia wengi, na bado hajaondoka. Hiki nakijua. Kwetu anakijua hata aliyehudhuria msiba mmoja tu: ni maiti asiye na mtani. Anazunguka kwa sababu hakuna aliyemkingia njia akamcheka, kisha akampisha. Nakijua, na nikishakisema nimeshakubali kwamba mtu wa kumkingia ni mimi, na nikimcheka atacheka, na akicheka anakwenda zake, basi, hakuna tena huu, huu, wala Mzaramo wee. Kondoo wameacha kutafuna, wananitazama. Sijui, nasema. Unajua, anasema. Sijui, bwana, kwani lazima? Basi nipe mji. Naitafuta Bagamoyo, naitafuta Morogoro, naitafuta Kibaha, na majina yote yametawanyika kama vifaranga vilivyoona mwewe. Limebaki moja tu karibu na mlango. Kisarawe, nasema, na palepale nataka kulimeza. Yote? anauliza. Kuna mke wangu mle, namwambia, nitoe nusu, uniachie nyumba. Mji hautolewi nusu, anasema, anafumba ngumi, anasogea pembeni, na mbele yangu kwenye kilima kirefu kupita vyote uko mgongo wa Luhende.

Namfikia nikihema. Anageuka, na uso wake upo wote, hata lile pengo la meno ya mbele. Mzaramo! anasema, umechelewa hata kifo changu. Nilikuwa nakula, namjibu. Najua, pilau ya nani? Ya msiba wako, tumeipika Kisarawe bila maiti, ikawa tamu zaidi. Nalitaja jina hilo na siuoni mlango wangu, siioni njia ya kwenda kisimani, najua tu kwamba niliwahi kujua. Luhende mdomo umeshaanza kumcheza. Naona kicheko kinavyopanda shingoni, naogopa, naukata utani, namuuliza habari za kondoo, namuuliza kama mvua ya huku ina msimu, namuuliza gia hizi zinabadilishwaje, na kilima nacho ni kitukutu, kila nikiuliza kinajiongeza urefu. Tunapanda bega kwa bega. Ndivyo tulivyokuwa tukipanda na spana zetu kwenye keria, yeye akilalamika, mimi nikiimba vibaya makusudi. Tunapita Chalinze, tunapita kijiji kingine cha mawe chenye kibao cha Kisarawe, nafumba macho nisichungulie madirishani, na nasema moyoni, hata hivi ni sawa, tupande tu, tupande hivihivi. Ndipo anaposema, Mtani, nimechoka. Miaka yote ya kuchimba mitaro sijawahi kumsikia akisema neno hilo. Miguu inauma? namuuliza. Haiumi, anasema. Ingekuwa inauma ningejua ninakokwenda.

Basi nifanyeje? Nakaza kamba, nampita, natupa baiskeli chini, najilaza katikati ya barabara na msuli wangu, mikono nimeitanua. Haipiti! napiga kelele. Maiti haipiti! Anashika breki, tairi linasimama karibu na sikio langu. Toka, Mzaramo, utaniaibisha mbele ya Wazungu. Haipiti, mpaka aeleze viazi vyote vya michembe alivyokula kwenye nyumba za watu amevipeleka wapi! Jeneza la mtu huyu limebebwa na wangapi, kumi na wawili au trekta? Usinichekeshe, anasema, na sauti imeshavunjika. Nainuka, napanda baiskeli yangu na kumwiga anavyopanda kilima: ulimi nje, matako hewani, kichwa kinakwenda huku na huku, huu, huu, kama mbuzi aliyemeza kengele. Kondoo wanaanza kucheka kwanza, wallahi tena. Kisha yeye. Kinaanzia tumboni, kinamtikisa mabega, kinaing'oa kofia yake kichwani, anashika usukani ili asianguke, ananiambia, Mzaramo mjinga wewe, mjinga, mjinga, Mungu akulipe, na baiskeli yake inavuka kilele yenyewe, inateremka bila kupigwa pedali, kicheko kinashuka nayo kati ya nyua za miiba, kinapita daraja, kinakuwa kidogo, kinakuwa kama cha mtu aliye chumba cha pili, kinakwisha. Nami naendelea kumwiga, ulimi nje, hakuna anayetazama, naendelea, maana nikiacha ndiyo basi.

Naamka. Simu imezimika chaji kifuani na mapaja yanawaka moto. Jambo la kwanza ninalofanya ni kuichukua nimtumie Luhende ujumbe, nimwambie leo nimemweza, na kidole kinabaki hewani. Mama Sikudhani amejilaza pembeni yangu, ananitazama. Unacheka nini, Baba Sikudhani, anauliza, na mbona unalia? Dirishani naiona mikorosho, naona nguo za jirani kwenye kamba, naona Kisarawe yote imekaa mahali pake. Lakini Kisarawe nimeitoa, kwa mdomo wangu huu, na mji hautolewi nusu. Mama Sikudhani, namuuliza, hapa ni mji gani? Mji wa wazee wanaolala mchana wakaamka wamechanganyikiwa, anasema, hebu sogea huko ukutani umenibana. Nasogea. Ukuta una baridi, baridi ya mawe yaliyonyeshewa, na nyumba hii niliijenga kwa tofali za udongo. Mkono wake una joto. Naushika, siuachii, na chini ya shuka miguu yangu inazunguka polepole, haijaambiwa na mtu kama imefika au bado inapanda.