Macho ya Burgi

"Lori kushoto, Korbi," Burgi alisema.

"Naliona."

Hakuwa ameliona. Burgi alijua kwa jinsi mabega ya mumewe yalivyoruka lori lilipowapita kwa kishindo na kuwatupia tope la theluji kiooni. Nyuma, mkwe wao Severin, fundi wa kuezeka mapaa, alikohoa kikohozi cha makusudi.

Korbinian alimtazama binti yake kwenye kioo cha ndani. "Vroni, mwambie mumeo kama kifua kinambana ashuke apande treni."

"Mwambie baba yako treni angalau ina dereva," Severin akajibu.

"Hamtanifanya mjumbe wenu mpaka Kufstein," Vroni alisema. "Ongeeni wenyewe au nyamazeni."

Wakanyamaza. Kwenye buti stoki zao ziligongana kila gari lilipokata kona. Ni sahani nzito za chuma na mpira, zenye mpini uliosimama wima, ambazo wanaume wa Kirchmoos huzisukuma juu ya barafu tangu utotoni, kila mmoja akitaka ya kwake isimame karibu zaidi na kigurudumu kidogo kinachoitwa daube. Mkwe na mkwewe walizipakia bila kutazamana, kila mmoja akizitenga zake na za mwenzake kwa blanketi.

Miaka kumi na mmoja Severin alicheza kwenye kikosi cha Korbinian, nahodha wake akiwa Korbinian huyo huyo. Majira ya baridi yaliyopita walifika fainali ya wilaya, na zamu ya mwisho ilikuwa ya Severin. Mzee akamsukuma kando, akacheza mwenyewe, akakosa kwa hatua mbili nzima. Jioni ile, baani, mbele ya klabu nzima, Severin alisema, "Mzee, macho yako yamekwisha. Tungoje mpaka uue mtu?" Hakuna aliyecheka. Mwezi uliofuata Severin alihamia klabu ya Hinterau, ng'ambo ya ziwa, kwa watu ambao Korbinian aliwaita wezi wa samaki. Tangu siku hiyo hawakusalimiana.

Kila mtu alidhani Burgi aliandaa safari hii ili awapatanishe. Klabu zote mbili zilialikwa kwenye mashindano ya Sankt Leonfeld, bonde la Inn, na yeye akasema: tutakwenda gari moja, tutalala nyumba moja ya wageni, na kati ya mechi na mechi mtanitembeza Kufstein, Rattenberg na Hall, miji ambayo nimepita kando yake miaka arobaini nikienda mashindanoni kuwafulia jezi. Wakaona ni huruma ya mama.

Haikuwa huruma. Burgi alijua macho ya mumewe yamekwisha kabla ya Severin kujua. Miaka miwili alikuwa akimsomea vibao vya barabarani kama anapiga soga: ona, wamefungua barabara ya Rosenheim, ona, taa imekuwa nyekundu mapema leo. Walikuwa hawajaliongelea hata siku moja. Akija Severin garini, alifikiri, huenda mzee achoke, ampe kijana usukani bila neno lolote kusemwa. Lakini hakumpenda Severin. Alimchukia kwa lile neno la baani, na alimchukia zaidi kwa kuwa lilikuwa kweli.

Ijumaa adhuhuri walisimama Kufstein chini ya ngome, katikati ya watalii, wakisikiliza kinanda kikubwa cha mabomba kikilia kutoka kwenye mnara. Sauti ilishuka juu ya mapaa mpaka ukaisikia kifuani. Burgi alifumba macho. Kwa dakika tatu alikuwa na raha.

"Mlango wa kushoto wa ule mnara umepakwa rangi upya," Severin alisema kwa sauti kubwa. "Kijani. Si ndiyo, Mzee?"

Korbinian aliinua uso. "Ndiyo. Kijani kibaya."

Mnara haukuwa na mlango upande ule. Severin aliangua kicheko. Vroni alimpiga kiwiko cha mbavu, na Burgi akafumbua macho, akamwambia mkwe wake kwa upole wa kutisha, "Severin, mwanangu, siku ukianguka kutoka kwenye paa la mtu, nitakuja hospitali nikuulize ngazi ilikuwa rangi gani."

Kinanda kiliendelea, lakini wao walikwisha kuondoka.

Jumamosi asubuhi zilikuwa mechi za makundi. Kirchmoos ilishinda tatu, Hinterau ilishinda zote. Baada ya chakula Burgi alisema kilichobaki cha siku ni chake, na Korbinian akawapeleka Rattenberg, mji mdogo uliojibanza chini ya mlima kiasi kwamba majira ya baridi jua haliugusi. Mitaa ilikuwa ya buluu na baridi kama ndani ya kisima. Kila duka la pili ni la mafundi wa vioo.

Ndani ya mojawapo Burgi alikuwa akichagua bilauri mbili, nyembamba kama ganda la kitunguu, Korbinian aliposogea kumpa nafasi mama mmoja apite. Kiwiko chake kilipiga rafu. Kulisikika mlio mrefu, mwembamba, kisha kimya, kisha kipande kimoja kilichochelewa kikaanguka peke yake.

"Bwana huoni?" mwenye duka alipayuka.

"Nimesukumwa," Korbinian alisema. "Mke wangu amenisukuma."

Burgi alikuwa upande wa pili wa duka. Alimtazama. Watu wote walimtazama yeye.

"Korbi," alisema, "mimi niko huku."

Uso wa mzee ulikuwa ukimtafuta mahali ambapo hakuwapo. Korbinian akawa mwekundu mpaka masikioni. Aliposhikwa mkono na mkewe, akautupa.

"Funga mdomo wako," alimwambia, mbele ya wote. "Siku nzima kama kasuku. Lori, taa, ngazi. Nimechoka na mdomo wako. Ufunge."

"Sawa," Burgi alisema.

Akalipa vilivyovunjika, akaingia garini, akafunga mkanda, akafunga mdomo.

Walipotoka kwenye kivuli cha mlima, jua la alasiri liliwapiga usoni kama taa ya daktari. Korbinian alikunja macho. Burgi aliiona alama ya kivuko kwa mbali. Aliliona kundi la watu waliotoka kuteleza kwenye theluji, mbao zao mabegani, wakishuka kwenye basi. Aliwaona wakianza kuvuka, wa kwanza mwenye koti jekundu. Hakusema kitu. Alingoja mguu wa mumewe uende kwenye breki, na mguu haukwenda, naye bado hakusema. Aliwaza: haya, ona basi. Ona mwenyewe.

"Watu!" Severin alipiga ukelele. Alijitupa katikati ya viti, akavuta breki ya mkono kwa nguvu zake zote. Gari lilizunguka, likagonga ncha ya ubao wa mtu, likaenda kujikita kwenye ukingo wa theluji. Kioo cha pembeni kilining'inia kwa waya.

Hakuna aliyeumia. Mwenye koti jekundu aliuburuta ubao wake uliovunjika mpaka dirishani, akawatukana kwa Kitirolo, lahaja ya bonde lile, matusi ya ng'ombe na ya wazazi.

"Ameingilia usukani!" Korbinian alifoka. "Mmemwona? Mwendawazimu huyu amenishikia breki! Burgi, waambie. Waambie niliwaona."

Wote walimgeukia tena, kama dukani. Vroni alikuwa akilia kwa hasira.

"Haoni," Burgi alisema. "Ana miaka miwili haoni. Mimi ndiye macho yake."

Korbinian alizima injini, ingawa ilikwisha kuzimika. Alichomoa ufunguo, akautia mfukoni, akashuka. Kilomita nne mpaka Sankt Leonfeld alitembea kwa miguu kando ya barabara, huku mkono wake wa kulia ukiugusa ukingo wa theluji. Vroni alimfuata nyuma hatua ishirini. Gari lilivutwa na trekta la mkulima, Severin akilisukuma, Burgi akikaa ndani peke yake.

Chumbani, jua likiwa bado dirishani, mumewe alikaa ukingoni mwa kitanda bila kuvua viatu.

"Wewe uliwaona," alisema.

"Niliwaona."

"Mapema."

"Mapema."

"Ukanyamaza."

"Uliniambia nifunge mdomo."

Korbinian alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeelezwa bei ya kitu na kukuta ni ile ile aliyoidhania. "Ungeua watu ili unishinde mimi," alisema.

Burgi alitaka kusema kwamba ilikuwa sekunde moja tu. Lakini alikuwa mkweli kuliko hivyo, na haikuwa sekunde moja, zilikuwa tatu au nne. Alichukua mto wake, akaenda kulala chumba cha Vroni. Severin alihamia kwenye kochi la sebuleni bila kuambiwa.

Jumapili, Kirchmoos na Hinterau zilikutana fainali. Ziwa dogo la mji lilikuwa limeganda kama marumaru, na watu walijipanga na bia ya moto na soseji mikononi. Habari za barabarani zilikwisha kuenea. Mtu wa Hinterau alipiga kelele, "Mleteeni mzee fimbo nyeupe!" Severin aligeuka akamwambia anyamaze, lakini watu walikwisha kucheka.

Korbinian alicheza kama hakusikia. Mwenzake mmoja alisimama nyuma ya daube na kofia ya rangi ya chungwa, akapaza sauti: "Nusu hatua kulia! Taratibu!" Na mkono wa mzee, ambao ulikuwa umefanya jambo hilo miaka hamsini, haukuhitaji macho. Zamu ya mwisho stoki yake ilitambaa, ikapunguza mwendo, ikaenda kuegemea daube kama paka anayejisugua kwenye mguu wa meza. Uwanja ulilipuka. Burgi alijikuta amesimama, machozi yamemtoka, na akajichukia kwa hilo.

Ilibaki stoki moja, ya Severin.

Angeweza kuipeleka pembeni. Kila mtu angesema barafu ilimdanganya. Alipiga magoti, akapima, akaituma kwa nguvu moja kwa moja. Iligonga stoki ya mkwewe kwa mlio kama wa kengele, ikaifagia mpaka nje ya mstari. Hinterau ilishinda. Watu wachache walizomea.

"Ungemwachia moja!" Vroni alimfokea mumewe ukingoni mwa barafu. "Moja tu, Severin! Ana miaka sitini na tisa!"

"Angejua," Severin alisema. "Kisha angenichukia kwa haki."

"Na sasa?"

"Sasa ananichukia bure. Nimezoea."

Korbinian hakumpa mkono. Alikusanya stoki zake, akaenda kwenye basi dogo la klabu, akakaa kiti cha dirishani. Burgi alimfuata, akagonga kioo.

"Ufunguo, Korbi."

Mzee alifungua kidirisha, akautupa nje. Haukumfikia, ulitoboa theluji na kupotea. Basi liliondoka. Burgi alipiga magoti akachimba kwa mikono mitupu, na Severin alipokuja kumsaidia akamwambia, "Wewe kaa pembeni. Nawe bado sijamalizana." Aliupata baada ya robo saa, vidole vimekufa ganzi. Hakumpa Severin. Alimpa Vroni.

"Tunakwenda Hall," alisema.

"Mama, leo? Kweli?"

"Nilisema miji mitatu."

Mvua ya theluji ilikuwa ikinyesha Hall. Walipanda ngazi zote za mnara wa zamani wa watengeneza sarafu, na juu hapakuonekana kitu ila weupe. Walikula supu yenye madonge ya mkate na jibini, meza moja, wakipitishiana chumvi. Severin alianza, "Mama, lile neno la baani, sikukusudia..."

"Ulikusudia," Burgi alisema. "Kula."

Nyumbani, siku nne Korbinian hakumsemesha mkewe. Alikula alichowekewa, akapasua kuni kwa kupapasa, akalala sebuleni. Siku ya tano Burgi aliweka barua ya miadi mbele ya sahani yake, akamsomea kwa sauti tarehe na saa. Mzee hakuuliza ni ya nini. Walikwenda Rosenheim kwa basi. Lilikuwa nusu tupu, na yeye akachagua kiti cha mbele kabisa, nyuma ya dereva, akimwacha mkewe peke yake katikati.

Daktari wa macho alikuwa mwanamke kijana mwenye mikono ya baridi. Alimulika, akaandika, akamulika tena. Akasema kwamba katikati ya macho yote mawili pamekufa, na laiti angekuja mapema wangeokoa zaidi, lakini sindano bado zingeweza kulinda kilichobaki pembeni. Kisha akatazama fomu.

"Hapa mmeandika mna gari. Nani amekuwa akiendesha?"

Korbinian aliinua kidevu, akitazama ukuta ambao pengine hakuuona.

"Yeye," alisema, akinyoosha kidole mahali mkewe alipokuwa, na safari hii hakukosea. "Mimi nilishika usukani tu."

Daktari alidhani ni utani, akatabasamu. Burgi hakutabasamu. Alivuta kiti chake karibu na meza, akauliza sindano ya kwanza ni lini.