Mchukuzi Asiyejua Kusubiri

Miaka tisa, kila siku ya kazi, saa nne kamili, mpiga picha alipanda ngazi kutoka chumba cha chini, akaingia maktaba ya picha, akaweka diski mezani kwa dada yake.

"Zimo?" dada mtu huuliza.

"Zimo zote."

Basi. Hakuna habari za nyumbani, hakuna umeamkaje. Anageuka, anashuka. Wafanyakazi wa kampuni ile ya vitabu vya shule walikwisha kuzoea. Wageni ndio walioshangaa kuambiwa kwamba wale wawili ni tumbo moja, tena huyo dada ndiye aliyembeba mgongoni huyo mwanamume utotoni.

Kisa kilikuwa mazishi ya mama yao. Mdogo wake alikuwa safarini na kamera yake, mvua zimekata njia, akatuma ujumbe: nisubirini, kesho nitafika. Dada hakusubiri. Alizika siku ile ile. Mdogo wake alifika na viatu vya matope, akakuta udongo mbichi. "Umeninyima mama," alisema, na tangu hapo yakabaki ya diski tu. Ndugu walisuluhisha mpaka wakachoka. Dada naye mwaka wa kwanza alijitetea, mwaka wa pili akanyamaza, na kuanzia wa tatu akawa anaingojea saa nne kama mgonjwa anavyongojea dawa. Ile "zimo zote" ilikuwa chungu, lakini ilikuwa sauti ya mdogo wake. Kidogo si haba.

Ndipo akaja fundi mpya wa kompyuta, na fundi mwenyewe ni binti wa huyo huyo mpiga picha.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kutufukuza kazi?"

"Nimekuja kuyaokoa magoti ya baba. Ngazi zote zile kwa ajili ya diski! Picha zake ziko kwenye seva kule chini, mfumo wa maktaba uko hapa kwako. Natengeneza programu ya kuzihamisha. Kila nusu saa inapita kwenye seva, inachukua picha mpya, inakuletea hapo kwenye skrini na majina yake. Nimeiita Mchukuzi."

"Na baba yako?"

"Atakaa huko chini atulie."

Shangazi alitabasamu, lakini macho yakamwenda mlangoni, pale anapoingilia mdogo wake kila saa nne.

Mchukuzi alianza kazi Jumatatu, na Jumatatu hiyo hiyo akaleta vioja. Kuku alifika ana kichwa, ana mabawa, chini ya hapo kijivu kitupu. Jembe likaja mpini peke yake.

"Huyu kuku vipi?" mhariri akauliza. "Watoto watadhani anaogelea."

Fundi akakagua waya, akafuta, akaandika upya. Jumanne, yale yale. Baba yake akaambiwa aendelee na diski mpaka mambo yatengemae.

"Zimo?"

"Zimo zote. Huyo mchukuzi wenu vipi?"

"Anakula miguu ya kuku."

Mpiga picha nusura acheke. Aliubana mdomo, akashuka. Maneno manne ya ziada! Dada aliyarudia kimoyomoyo kutwa nzima.

Na ubaya ni kwamba ugonjwa wa Mchukuzi aliujua. Aliona kwenye skrini kwamba kila awamu picha iliyokatika ni moja tu, ile ya mwisho. Picha za mdogo wake ni kubwa, na huzimimina kutoka kwenye kamera kwenda kwenye seva moja moja, polepole. Mpiga picha mwenyewe hakuwahi kuigusa diski kabla ya picha ya mwisho kutulia. Mchukuzi ikifika nusu saa anachota tu, imeiva haijaiva, na akishachukua harudii. Kuku wa watu anabebwa miguu ikiwa bado njiani.

Jumanne alinyamaza. Jumatano alinyamaza. Alhamisi mdogo wake akamuuliza kama kikohozi kimemwacha. Angefunguaje kinywa?

Alasiri ya Alhamisi fundi aliingia maktaba, akafunga mlango, akalia.

"Wamenipa mpaka kesho, shangazi. Nikishindwa wanaleta mtu mwingine. Labda kazi hii siiwezi."

Uso ule ulikuwa wa baba yake alipokuwa mdogo na homa, midomo ikitetemeka vile vile. Shangazi akamfuta machozi kwa upindo wa nguo yake.

"Unaiweza sana. Mchukuzi wako ana papara tu. Anaichota picha baba yako hajamaliza kuimimina."

Binti akaacha kulia. "Kwa hiyo aipime ukubwa, akae kidogo, aipime tena. Ikiwa bado inakua, aiache. Ikitulia ndipo aibebe. Shangazi! Ni kumfundisha kusubiri tu!"

"Eeh," akasema shangazi. "Kusubiri tu."

"Umelijua tatizo hili tangu lini?"

"Tangu juzi. Nisamehe, mwanangu. Baba yako alikuwa anapanda ngazi."

Binti alimtazama, akamkumbatia shingoni, hakuuliza tena.

Ijumaa kuku alifika na miguu yake na kucha zake zote. Watu wakapiga makofi. Saa nne ikafika, mlangoni kimya. Saa nne na robo, kimya. Dada akanyanyuka, akashika ukuta, akashuka zile ngazi ambazo miaka tisa hakuwahi kuzishuka.

Mdogo wake alikuwa anafuta lenzi.

"Hazikufika?"

"Zimefika."

"Nzima?"

"Nzima."

"Sasa umefuata nini?"

Alitafuta kisingizio, hakukiona. "Nimekufuata wewe. Siku ile ningeweza kukusubiri. Watu walisema mvua, walisema mwili hautangoja, nami nikakubali haraka kwa sababu niliogopa kukesha na mama amenyamaza mle ndani. Nilipojitetea nilikutolea sababu nyingine. Sababu ni hiyo. Niliogopa."

Mpiga picha aliendelea kuifuta lenzi iliyokwisha takata. Halafu akaiweka chini, akaondoa begi la kamera juu ya kigoda.

"Kaa. Umezeeka wewe, ngazi zitakuua."

"Zingeanza na wewe, unavyohema kila ukifika."

Alicheka, kicheko kikamgeukia njiani, akapenga kamasi.

"Dada, mimi siku ile siijui. Nilikuta udongo. Sijui nani alimwosha, sijui alikuwa na sura gani, sijui asubuhi alisema nini. Nieleze. Usiruke kitu."

"Ni ndefu."

"Nina nafasi. Kuna anayenibebea mizigo sasa."

Dada akakaa, akayapangusa macho, akavuta pumzi.

"Asubuhi aliomba dirisha lifunguliwe," akaanza, na mdogo wake akasogeza kiti chake karibu.