Mtoto wa Miaka Sitini na Sita

Tusifichane: Bwana Manny Zelkin alikuwa mtu wa kuvuta pumzi mara mbili kabla ya kuinama kufunga kamba za viatu. Kichwani alibakiwa na nywele za kuhesabika, mdomoni alikuwa na meno ya bandia, na ndani ya goti la kulia kulikuwa na chuma alichotiwa mwaka uliopita katika hospitali ya jirani. Chumvi alikuwa ameila ya kutosha. Hata hivyo, usiku mmoja kila mwaka mtu huyu alikuwa mtoto, na ole wake aliyemwambia vinginevyo.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Usiku wa kuanza Pasaka yao, Wayahudi hukaa mezani kusimuliana jinsi mababu zao walivyotoka utumwani Misri. Hula mkate usiotiwa chachu na mboga chungu, huegemea upande wa kushoto kama watu huru wasio na haraka, na kabla hadithi haijaanza, aliye mdogo kuliko wote mezani husimama akaimba maswali manne, la kwanza likiwa kwa nini usiku huu ni tofauti na usiku mwingine wowote. Kwingineko kazi hiyo hufanywa na mtoto wa miaka mitano anayesinzia, huku mama yake akimsukuma mgongoni. Lakini jumuiya ndogo ya Bwana Zelkin, huko Harborne, Uingereza, haikuwa na watoto. Vijana wake walikwisha hamia London na Manchester, wakaacha nyuma wazazi wao na piano mbovu. Mdogo aliyebaki alikuwa Bwana Zelkin, na alikuwa ameushika udogo huo kwa miaka kumi na tisa.

Aliushika kwa mikono miwili. Wiki tatu kabla ya Pasaka alianza kunywa maji ya limau na asali, akajifungia bafuni kufanya mazoezi. Usiku wenyewe ukifika husimama wima, mikono nyuma, kama baba yake alivyomfundisha Nakuru alipokuwa na miaka mitano. Akimaliza, mabibi wa miaka themanini na tisini humpigia makofi, humfinya shavu, huambiana kwamba kijana huyu ana sauti ya malaika. Hakuwa na sauti ya malaika. Alikuwa na sauti ya mlango unaodai mafuta. Lakini mke wake alikwisha fariki, duka lake la miwani alikwisha liuza, na hapakuwa na mahali pengine duniani alipoitwa kijana. Alitaka kuimba mpaka siku ya kufa kwake, basi.

Pasaka ya mwaka 2017 ikaja na balaa lake. Mama mmoja aitwaye Bi Rosalind Pinsker, mstaafu aliyekuwa sista mkuu wa wodi huko Leicester, alihamia Harborne akajiunga na jumuiya. Alitembea upesi. Alibeba viti viwiliviwili. Bwana Zelkin alimtazama akipanda ngazi bila kugusa ukuta, akaanza kumpigia hesabu ya miaka.

Hakulilalia jambo hilo. Alimwendea mwenyekiti, Bi Thelma Orbach, mwanamke wa miaka themanini na mmoja aliyeendesha jumuiya ile kwa kijitabu na kalamu ya risasi.

"Nimefikiri," alisema Bwana Zelkin, "kumwuliza mwanamke mgeni umri wake si adabu. Tuendelee tu kama kawaida."

"Nani alisema nitamwuliza?" Bi Thelma alijibu bila kuinua kichwa.

Bwana Zelkin akatoka amevimba kwa furaha. Hesabu yake ilikuwa kwamba hakuna mwanamke atakayetangaza miaka yake mwenyewe mbele ya watu asiowajua. Ilikuwa hesabu ya kijinga, na aliyeipiga ni mwanamume aliyeishi na mke miaka thelathini bila kujifunza lolote.

Siku yenyewe alifika mapema akaingia jikoni. Mpishi wa jumuiya, mwaka wa sita sasa, alikuwa Halimo, Msomali aliyekulia Eastleigh ya Nairobi, akapitia Uholanzi, akaishia Nechells, mtaa wa mji uleule. Wawili hao walizungumza Kiswahili, kwa kuwa Bwana Zelkin hakuondoka Kenya mpaka alipofika miaka kumi na saba. Na katika sheria za jiko la Pasaka, lisiloruhusiwa kuingizwa hata chembe ya chachu, Halimo alikuwa mkali kuliko wenye Pasaka yao. Asubuhi ile alikuwa amemfukuza mweka hazina kwa sababu ya biskuti iliyosahauliwa mfukoni mwa koti.

"Karibu mzee," alisema Halimo. "Lakini simama hapo kwa mlango kwanza. Una bread yoyote?"

"Sina kitu. Na nakuomba, Halimo, leo usiniite mzee mbele ya watu."

"Nikuite nani sasa? Boy?"

"Niite Manny."

"Manny? Mtu wa rika ya baba yangu? Zii. Mamangu akisikia huko Garissa atanikatia simu." Halimo akakoroga supu. "Mimi siwaelewi. Kwetu mtu anaongeza miaka ndio asikizwe kwa meeting. Wewe unapunguza, ati uimbe song ya watoto."

"Si wimbo wa watoto. Ni wangu."

Halimo akamwangalia, akaacha mzaha kidogo. "Haya, imba. Lakini hiyo knee usiisimamie sana, mzee."

Jua lilipozama watu ishirini na wawili walikuwa wameketi, kila mmoja na mto wake wa kuegemea na dawa zake kando ya sahani. Divai ikamiminwa, wenye sukari wakapewa juisi ya zabibu bila sukari. Bi Thelma akavunja mkate usiotiwa chachu, nusu yake akaifunga kwenye kitambaa cheupe ili ifichwe baadaye. Kisha akamtazama Bwana Zelkin. Bwana Zelkin akasimama, akakohoa, akaweka mikono nyuma.

"Samahani," alisema Bi Pinsker kutoka mwisho wa meza. "Kumbe anaimba mdogo wetu? Mimi ni wa mwaka hamsini na tatu."

Alisema hivyo kwa furaha tu, kama mtu anayetaja saizi ya viatu vyake. Watu wote wakamgeukia Bwana Zelkin. Hapo alikuwa bado na njia ya kutokea. Angeweza kucheka, akamkaribisha mgeni, akaketi akiwa na heshima yake nzima. Badala yake alisema, "Mimi ni wa hamsini na nne."

Ukimtoa Bi Pinsker, hapakuwa na mtu pale mezani ambaye hakula keki ya Bwana Zelkin katika ukumbi uleule mwaka 2011, keki iliyoandikwa sitini kwa sukari ya buluu, na Bi Thelma ndiye aliyeiagiza. Lakini watu hawa, pamoja na kwamba mababu zao walimkabili Farao uso kwa uso, walikuwa wamekaa Uingereza muda mrefu mno. Kila mmoja akatazama sahani yake. Bi Freda, mwenye miaka tisini na miwili, alifungua kinywa kusema neno, na jirani yake akamtilia jani la kotimiri.

Bi Pinsker akawatazama mmoja mmoja. Kwa miaka arobaini alikuwa amesikiliza wagonjwa wakiapa kwamba walikunywa glasi moja tu. "Basi mtoto na aimbe," alisema.

Mtoto akaimba. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa aliisikia sauti yake mwenyewe, na haikumpendeza. Makofi yalikuwa machache na ya adabu. Aliona haya, akaketi, akajiambia kwamba haya hupita lakini nafasi ikipotea haitarudi.

Ndipo supu ikaja, na wakati watu wakiinywa, Bi Thelma akampa mgeni heshima ya kukificha kile kitambaa chenye nusu ya mkate. Karamu haiwezi kwisha mpaka nusu hiyo ipatikane na kila mtu ale kipande chake. Anayeitafuta ni mdogo wa meza, na akiipata ana haki ya kudai zawadi yoyote aitakayo. Miaka yote Bi Thelma alikuwa akiiweka juu ya piano, usawa wa kifua, naye Bwana Zelkin akiipata kwa dakika moja na kudai chokoleti. Safari hii alikuwa na dai jingine. Angedai kuimba maswali manne kila mwaka maisha yake yote, mbele ya mashahidi ishirini na mmoja, na baada ya hapo Bi Pinsker angeweza kuleta cheti cha kuzaliwa kilichopigwa mhuri na mfalme Suleimani mwenyewe.

Akaenda kwenye piano. Hapakuwa na kitu. Akatazama kabatini, nyuma ya mapazia, chini ya rundo la makoti. Robo saa ikapita. Watu wawili wakameza dawa zao, mmoja akaanza kukoroma, na nje teksi ya mtu ikapiga honi.

"Tafuta chini chini, mwanangu," alisema Bi Pinsker. "Mahali pa mtoto."

Chini ya jukwaa la ukumbi palikuwa na mlango mdogo wa mbao, urefu wake wa kufika gotini. Bwana Zelkin akautazama mlango, akawatazama watu. Kukataa kungekuwa sawa na kutaja mwaka wake. Akapiga magoti, chuma kikalalamika, akaingia kwa kutambaa. Mle ndani mlikuwa na vumbi, mapazia yaliyooza na taa zilizovunjika, na mwisho kabisa, kitambaa cheupe. Akakikamata. Alipotaka kurudi, mkanda wake ukanasa kwenye msumari na goti likakataa kukunjika. Viatu vyake tu ndivyo vilivyobaki nje, vikipiga sakafu.

"Nimekwama," ilisema sauti chini ya mbao, na kwa sababu aliogopa, aliisema kwa Kiswahili.

Watu wakatazamana. Halimo akatokea jikoni na kitambaa cha vyombo begani. "Amesema he's stuck," akawaambia.

Bi Pinsker akavua bangili, akakunja mikono ya gauni, akapiga magoti kirahisi tu, akavishika vifundo vya miguu. "Usiogope, tutakutoa," alisema kwa sauti yake ya wodini. "Jina lako kamili na tarehe ya kuzaliwa?"

Sasa, tangu goti lake lipasuliwe, swali hilo Bwana Zelkin alikuwa ameulizwa na kila mwenye sare, kabla ya kila kidonge, kila sindano na kila kikombe cha chai. Ulimi ukajibu kabla hajauwahi.

"Emanuel Zelkin. Tarehe tisa Machi, elfu moja mia tisa hamsini na moja."

Mbao za jukwaa ziliivumisha vizuri. Ilifika mpaka kwa waliovaa vifaa vya kusikilizia.

"Ndiyo," alisema Bi Freda. "Nilikula keki."

"Asante, Bwana Zelkin," alisema Bi Pinsker, akavuta.

Akatoka kinyumenyume, kichwa cheupe kwa vumbi, suruali imechanika, kitambaa kifuani. Mkate ndani yake ulikuwa umekwisha kuwa chenga. Hakuna aliyecheka, na hilo lilimuuma kuliko kicheko. Hakuna aliyemfinya shavu. Bi Thelma akagawa chenga kwa kijiko, kila mtu akapata kidogo chake, na zamu ya zawadi ikafika, kwa sababu sheria ni sheria hata kwa mwongo.

"Umeipata," alisema Bi Thelma. "Unataka nini?"

Walijua wote anachotaka. Na kwa jinsi walivyomwonea huruma, wangempa. Aliiona nyusoni mwao, hata usoni mwa Bi Pinsker, na huruma ile ikamchoma. Akafungua kinywa. Goti lilikuwa likipwita. Alikuwa amesimama kwa ncha za vidole miaka kumi na tisa, na hakuwahi kuchoka kama alivyochoka dakika ile.

"Kiti," alisema.

Bi Pinsker ndiye aliyekileta. Akamshika kiwiko mpaka akakaa, na Bwana Zelkin hakuuondoa mkono wake.