Stempu ya Nne ya Mama Ubao

Duniani kote hakukuwa na mtu aliyezijua stempu kumshinda Bi Stempu. Dunia yenyewe ilianzia kwa kinyozi ikaishia kwenye bomba la maji, na humo ndani hakuna mwingine aliyewahi kuzikusanya, kwa hiyo ushindi ulikuwa rahisi kidogo. Lakini ushindi ni ushindi. Albamu alikuwa nazo tatu, kibano cha kunyanyulia stempu ili jasho la vidole lisiziharibu, na lenzi yenye mpini aliyoachiwa na fundi saa mmoja aliyehama. Akikaa mezani na lenzi jichoni, wajukuu hawakuthubutu hata kupiga chafya.

Stempu alizozipenda kuliko zote ni za Mama Ubao. Huyu Mama Ubao alikuwa mwanamke wa kwanza kuwafundisha wasichana katika sehemu zile, enzi ambazo watu walisema msichana akijua kuandika atamwandikia nani. Shule hakuwa nayo. Alikuwa na ubao mmoja tu, anaubeba kichwani, anaingia uani kwa watu, anauegemeza ukutani na kuanza: a, e, i. Wakimfukuza anaubeba tena, huyo, ua wa pili. Alipofariki ndipo wakubwa wakakumbuka kumshukuru, kama kawaida yao, wakaagiza zitolewe stempu nne za kumbukumbu, kila mwaka moja. Ya kwanza uso wake. Ya pili yuko njiani na ubao kichwani. Ya tatu jengo la shule aliyoipata uzeeni. Ya nne ilikuwa bado, na katika albamu ya Bi Stempu mahali pake palizungushiwa penseli, pakakaa wazi kama pengo la jino.

Mambo yote haya yalianza na barua za kaka yake. Kaka alifanya kazi reli, mbali, akimwandikia mkewe kila mwezi. Mke huyo, wifi yake Bi Stempu, alitoka mji mwingine na hakujua kusoma. Ndivyo alivyoolewa, na ukoo mzima ulijua hivyo. Bi Stempu alikuwa amefika darasa la saba, karibu alimalize. Basi wakapatana: wifi analeta barua, Bi Stempu anaisoma, karatasi inarudi kwa wifi, bahasha inabaki kwa msomaji. Bahasha inalazwa kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, gundi inalegea, stempu inaachia yenyewe kama mtoto aliyelala anavyoachia ziwa. Barua zilizokwisha kusomwa wifi alizitia kwenye kopo la biskuti, na mara moja moja, akimkumbuka mumewe, alichomoa ya zamani: "Wifi, hebu nisomee tena hii." Kila mara aliitoa kichwa chini, miguu juu. Bi Stempu akaigeuza, akaguna kwa huruma, "Maskini!" Miaka ishirini na sita walikwenda hivyo, mpaka kaka akafariki.

Na tusimwonee Bi Stempu. Barua alizisoma vizuri, kwa sauti na kwa hisia. Ila alikuwa fundi nguo, na fundi nguo akishika kitambaa lazima apunguze hapa, aongeze pale. Kaka akiandika "msalimie dada," yeye alisoma, "msalimie sana dada yangu mpenzi, umheshimu kuliko watu wote, maana sina mwingine kama yeye." Wifi anaitikia kwa kichwa. Na kaka alipoandika kwamba cherehani ya marehemu mama ni ya mkewe, aende kwa dada akaichukue, Bi Stempu alikohoa, akaruka mstari, akatua kwenye habari za mvua. Kaka aliandika hivyo mara tatu. Mara tatu kikohozi kilimshika. Wakati ule alikuwa mjane mwenye watoto wawili, na cherehani ile ndiyo iliyoshona sare za watoto wa watu na kuwalisha wa kwake. Alijiambia atamweleza wifi wakati ukifika. Wakati ukafika, ukapita, ukamwachia mvi.

Siku ya stempu ya nne alifika posta kabla mlango haujafunguliwa. Karani wa dirishani, binti mwenye kucha ndefu kama vijiko, alishamzoea.

"Shikamoo bibi. Leo umelala hapa hapa barazani?"

"Marahaba. Ningelala, ila baraza lenu lina kunguni. Nipe Mama Ubao wangu."

"Ngoja basi nifungue droo. Mwaka huu wametoa kubwa, bibi, karatasi nzima, upana wa kiganja. Itazame pale ukutani, wameikuza."

Bi Stempu akageuka. Bango lilikuwa na urefu wa mlango, picha ya enzi zile. Mama Ubao amesimama kando ya ubao wake, mkono kiunoni, na mbele yake wasichana kumi na wawili wameketi mistari miwili, kila mmoja amepakata kibao cha kuandikia. *Darasa la Kwanza*, wameandika chini. Bi Stempu akaanza kuwapitia mmoja mmoja, taratibu, kwa mapenzi. Mstari wa nyuma, wote. Mstari wa mbele, wa kwanza, wa pili, wa tatu.

Mkoba ukamdondoka.

Wa tatu alikuwa wifi yake.

Akafumba macho, akayafumbua. Wifi yuko pale pale. Akasogea kulia, akasogea kushoto, labda ni mwanga. Wifi anamtazama tu. Sikio la kushoto halina ncha: mbuzi alilitafuna wifi akiwa mtoto, kisa ambacho kila harusi lazima akisimulie hata asipoombwa. Sikio ndilo lile, limepungua juu kama stempu iliyochanwa vibaya. Na kidevu ndicho kile kinachoingia mlangoni kabla ya mwenyewe. Na juu ya kibao, kwa chaki, kwa herufi za kujitanua: MIMI NINASOMA.

"Bibi? Bibi, unaumwa?"

"Nipe maji."

"Ya kunywa?"

"Ya kunimwagia."

Karani akatoka nyuma ya dirisha na kikombe. Bi Stempu akayanywa yote bila kuondoa macho ukutani, mengine yakamwingia kifuani.

"Kuna unayemjua pale?" karani akauliza, macho yamemtoka kwa hamu. "Maana tunawatafuta hao wasichana, bibi. Aliye hai ataitwa mbele ya watu, akabidhiwe stempu yake kwa heshima. Mchana huu bango tunalihamishia dirishani, wapita njia walione."

"Simjui hata mmoja," Bi Stempu akajibu haraka. "Tena wote walishakufa hao. Watazame tu, hawana afya."

Akaokota mkoba, akachukua stempu yake ndani ya bahasha ngumu, akatoka. Ngazi za posta ziko tano. Yeye alishuka sita, ya mwisho kwa goti.

Dirishani! Wifi alipita mbele ya dirisha lile kila jioni akienda kununua mboga. Njia nzima Bi Stempu alikuwa anatembea na kuongea peke yake, mpaka kinyozi akasimamisha mkasi hewani. Hesabu ilikuwa fupi na ya kutisha. Kama wifi alijua kusoma, basi zile barua kopo zima alizisoma. Kama alizisoma, alijua habari za cherehani. Na kama alijua, basi kwa miaka ishirini na sita, na mingine yote baada yake, alikuwa anakaa kwenye kiti kile, anasikiliza uongo, anaitikia kwa kichwa, anasema "asante wifi, umenisomea vizuri," na kumletea uji akiugua. Goti lililoumia halikumuuma hata kidogo. Kulikuwa na kitu kingine kinauma, hakuwa na uhakika kiko wapi.

Ni mtu mmoja tu aliyebaki duniani wa kula naye chakula cha mchana. Akimkosa huyo, atakula na albamu.

Uani kwa wifi alimkuta mwenyewe anachagua maharage kwenye ungo.

"Hee, wifi! Umerudi na uso wa mtu aliyekuta maiti kwenye foleni. Stempu zimekwisha?"

"Sijazikosa." Bi Stempu akaketi, akatoa mkobani albamu, akaiweka juu ya meza ndogo, lenzi kando yake, akaitoa ile karatasi kwa kibano. "Tazama mwenyewe. Usiishike kwa vidole."

Wifi akainama. Maharage yakaacha kudondoka. Kuku akapita katikati yao, akadonoa mawili, hakufukuzwa.

"Kumbe yule mpiga picha alitupiga kweli," wifi akasema polepole. "Sisi tulidhani kile kisanduku ni kitupu, anatutisha tu tukae kimya."

"Kwa hiyo ni wewe!"

"Ulidhani ni yule mbuzi?"

"Wifi, ukoo mzima unajua wewe hujui hata a!"

"Ukoo mzima uliambiwa." Wifi akarudi kwenye maharage yake, kidevu mbele. "Mama yako alituma watu kwetu akasema, hapa hatutaki bibi harusi mwenye kalamu masikioni. Mama yangu akaapa sijaona hata chaki. Mimi nilipoingia hapa niliukuta uongo umeshatandikwa kama kitanda. Nikalala juu yake. Ningefanya nini, bibi harusi mgeni?"

"Na kusoma je?" Sauti ya Bi Stempu ilitoka nyembamba kama uzi wa kushonea vifungo. "Ulijifunza… sana?"

Wifi akamtazama. Akachukua jiwe dogo kutoka kwenye maharage, akalitupa mbali.

"Aa, sana wapi! Miezi minne, baba akanitoa. Yote yamenitoka, wifi. Leo hata jina langu ukiniandikia nitakuuliza huyu nani."

Jamani, Bi Stempu alivuta pumzi! Ilikuwa pumzi ya kwanza tangu posta. Damu ikarudi usoni, goti likakumbuka kuuma, akalipapasa kwa furaha. Miezi minne! Mtoto wa miaka tisa, miezi minne, zaidi ya miaka sitini iliyopita. Hata yeye mwenyewe, na darasa lake la saba, hesabu za sehemu zilikwisha kumtoka. Akaanza kucheka, akamwambia wifi habari za karani na heshima zake, na kwamba ijulikane tu kuwa ni yeye aliyemtambua, maana jicho la mkusanyaji si la mtu wa kawaida.

"Hongera kwa jicho," wifi akasema. Akainuka, akaingia chumbani, akatoka na kopo la biskuti. "Leo umenikumbusha mbali. Hebu nisomee moja, tumkumbuke kaka yako. Ile ya mvua kubwa."

Akachomoa karatasi, akampa. Kichwa chini, miguu juu.

"Maskini!" Bi Stempu akaguna kama zamani, akaigeuza. Alijisikia kijana. Akasafisha koo, akasoma kwa sauti na kwa hisia: "'Mke wangu, salamu nyingi. Mimi ni mzima, sijui wewe. Msalimie sana dada yangu mpenzi, umheshimu kuliko watu wote, maana sina mwingine kama yeye.'" Hapo kikohozi kikamshika. Akakohoa, akaruka, akatua. "'Huku mvua imenyesha wiki nzima, reli imefunikwa na matope…'"

Akaitazama upya karatasi mkononi.

Kuna kitu kilikuwa kimempita mkononi hivi punde, na ndiyo kwanza kinamfikia kichwani. Kichwa chini, miguu juu. Siku zote. Asiyejua herufi anashika barua kama mtu avaaye kandambili gizani: safari hii zimekaa sawa, safari ile zimepishana. Wifi katika miaka ishirini na sita hakuwahi, hata siku moja, kwa bahati mbaya, kuitoa barua ikiwa sawa. Kila mara, bila kukosea, kichwa chini. Na ili mtu asikosee kila mara, ni lazima ajue kichwa kiko wapi.

Hakuthubutu kuinua macho. Akaona kidole kinakuja, kidole cha wifi, kina vumbi la maharage, kinashuka juu ya karatasi taratibu, kinapita salamu, kinapita dada, kinasimama.

"'Cherehani ya mama ni yako, mke wangu,'" wifi akasoma, bila kukwama, kidole kikitembea. "'Nenda kwa dada ukaichukue, wala usione haya.' Ni hapa, wifi. Umeruka."

"Sikuuona!" Bi Stempu alilipuka. "Haki ya Mungu, wifi, mstari huo sijawahi kuuona! Macho yangu si unayajua, yamekwisha siku nyingi…"

Wifi akaichukua lenzi mezani, akaiweka juu ya stempu ya nne, pale pale kwenye mstari wa mbele, wa tatu.

"Macho yako," akasema. "Umeniona mimi hapa, nina miaka tisa, sikio langu halifiki hata kichwa cha pini. Huu mstari mzima, wifi, ndio hukuuona?"