Shavu la Baba

Kidonda cha ndani ya shavu la baba kiliingia msimu wa pili wa magimbi, naye bado anasema alichomwa na mwiba wa samaki. Mimi ndiye mpimaji wa maabara wa hospitali yetu ndogo hapa Ha'apai, visiwani Tonga, na mwiba gani huo usiopona? Lakini mtoto wa Kitonga hagusi kichwa cha baba yake, wala hali chakula alichobakiza. Mzee akajificha nyuma ya mwiko huo, nami nilikasirika hadi nikalia.

Nikamwita shangazi Lavinia, dada yake mkubwa. Kaka na dada nao wana miko yao, ila mwenye cheo ni dada. Alikuja na mkeka wake wa heshima umefungwa kiunoni, akachukua kijiti.

"Feleti, achama."

"Dada, mimi si mtoto."

"Mtoto angekuwa ameshaachama."

Akakikwangua kidonda mwenyewe, akanipa kijiti. Baba akashikilia kwamba ataangalia kwa macho yake, kwani hajawahi kuamini cha kuambiwa. Kwanza nikamwekea chini ya hadubini kipande chembamba cha jani la gimbi lake. Nikamwonyesha seli zilizopangana kama matofali, kila moja na ukuta wake mgumu, chembe za kijani zinazopika chakula kwa mwanga wa jua, na kiini kinachoongoza kazi zote. Akatabasamu kwa kuwa shamba lake lilikuwa zima. Kisha nikamwekea seli za shavu langu, zisizo na ukuta, utando laini tu na kiini kidogo. Mwisho nikamwekea zake.

Aliinama, jicho kwenye lenzi.

"Viini vimevimba," akasema.

"Ndiyo, baba. Seli zinagawanyika bila mpango. Hospitali kubwa ndiyo itakayothibitisha kama ni saratani. Meli inaondoka kesho."

"Na sisi hatuna ukuta."

"Hatuna, baba."

Niliogopa atakataa. Akamwambia dada yake kwamba atapanda meli, kisha akainamisha kichwa mbele yangu. Shangazi alimwelewa kabla yangu. Akaushika mkono wangu, akauweka juu ya mvi za baba.

"Muage baba yako," akasema. "Mwiko nimeuondoa mimi."

Nywele zake zilikuwa laini kama za mtoto mchanga. Nina wajukuu, na sikuwa nimelijua hilo.