Visahani vya Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alikuwa mkunga. Amestaafu, lakini sauti yake haijastaafu. Mtu aliyewaamrisha wanawake wasukume huku wanalia hawezi kuja kuzungumza na mkwe kwa kunong'ona, na hilo nililikubali tangu siku ya harusi. Ambacho sikukitarajia ni kwamba siku moja angeingia kwenye duka langu la kinyozi, wateja wamejaa kwenye benchi, na kumwambia mke wangu kana kwamba mimi ni kiti:

"Huyu mumeo macho yake mazima?"

"Mazima, Mama," mke wangu akajibu.

"Mikono haitetemeki?"

"Mama, ananyoa watu kwa wembe!"

"Basi nitamchukua."

Mteja niliyekuwa namchonga ndevu akanitazama kwenye kioo kwa huruma.

Nieleze. Mama alipostaafu, daktari alimshauri atafute jambo la kumtoa nje apate hewa safi. Nadhani yule daktari alimaanisha bustani. Mama akajiunga na klabu ya kulenga shabaha kwa shotigani, ile bunduki ya mitutu miwili inayotawanya marisau. Mashine inarusha visahani vya udongo hewani, na wewe unavivunja kabla havijaanguka. Hakuna zawadi ya maana, watu wanashindana kwa ajili ya roho zao tu. Mama alikuwa hodari kiasi kwamba nafasi yake kwenye timu ya klabu ilionekana kama ameandikiwa na Mungu.

Mwaka huu viongozi wa klabu wakaja na mapya. Ili wanachama waongezeke, nafasi tatu za timu zigombewe na watu wawili wawili wa familia moja. Jozi tatu za juu, kila moja itoe mtu mmoja. Mama alikuwa mjane, mwanawe wa kiume yuko ng'ambo, na mke wangu puto likipasuka anaingia chini ya meza. Nikabaki mimi.

"Sikiliza, mkwe," Mama aliniambia jioni ile. "Hii timu ndiyo inayonitoa kitandani asubuhi. Nisipokuwa nayo nitakuwa bibi wa kukaa dirishani nikihesabu wapita njia. Ukiniharibia, sitakusamehe. Nakwambia mapema ili usije ukasema hukuambiwa."

Kwa kweli niliogopa. Na mimi nikiogopa, nanunua vitu.

Nilikwenda kwenye duka la vifaa vya michezo nikarudi nimebeba mfuko kama mtu anayehama. Nilikuwa na kizibao chenye mifuko ya zipu mbele, nyuma na kwenye mbavu. Nilikuwa na glavu za ngozi, mkanda wa kupachika risasi, kofia pana yenye kamba ya kidevuni, miwani ya njano, na vikinga masikio vikubwa kama mabakuli. Nikavaa vyote, nikaenda kujionyesha sebuleni kwa Mama.

Akanitazama kuanzia juu hadi chini, kisha akarudi juu.

"Unakwenda kulenga shabaha au kuposa?"

"Mama, muuzaji alisema..."

"Muuzaji amepata mteja. Toa risasi."

Alikuwa amenipa zile za plastiki za kufanyia mazoezi. Nikavuta zipu. Ikang'ang'ania. Nikavuta nyingine, humo nikakuta stakabadhi. Risasi nilizipata kwenye mfuko wa mbavuni, nazo glavu zikaziangusha zote, zikaviringika hadi chini ya kabati.

"Zipu ya nini?" Mama akauliza. "Unaogopa risasi zitatoroka?"

Akaanza kunivua kimoja kimoja kama mama anayemwogesha mtoto. Kofia pana ingegonga kitako cha bunduki, ikaondoka. Glavu zikaondoka. Mkanda ulikuwa mzuri, lakini ni wa mtu anayejua kuchomoa risasi bila kutazama, na mimi sikuwa mtu huyo. Miwani alikubali, kwa sababu vipande vya visahani haviangalii jicho ni la nani. Vikinga masikio alikubali pia, akaviazima kabisa, na mpaka leo sijarudishiwa. Risasi zangu nikaishia kuziweka kwenye mfuko wa aproni yangu ya kazini, ambao uko wazi na mkono wangu unaujua hata gizani.

Mazoezi tulifanyia dukani kwangu baada ya kufunga. Mama alikuja na bunduki ndani ya sanduku lenye kufuli. Akifungua, jambo la kwanza ni kuikunja mitutu iwe wazi. Tunachungulia wote wawili, kisha kila mmoja anaingiza kidole kwenye matundu.

"Nimeshaona haina kitu, Mama."

"Macho yanadanganya. Kidole."

Nikaingiza kidole. Hakuna siku aliyonisamehe hilo, na hapo simlaumu.

Kisha nikawa napandisha bunduki begani mbele ya kioo, nashusha, napandisha tena, mpaka bega likawaka moto. Kosa langu la kwanza lilikuwa shingo. Kinyozi anainama siku nzima, kwa hiyo badala ya kuleta bunduki shavuni, nilipeleka shavu kwenye bunduki.

"Unaiinamia kama unataka kuiuliza inataka mtindo gani," Mama akafoka. "Yenyewe ije kwako! Wewe ndiye bosi!"

Shingo ikanyooka. Nikaanza kujiona mtu. Jumamosi tukaenda uwanjani kwa mara ya kwanza na risasi za kweli. Nikasimama kwenye alama, visahani viwili vitoke kwa pamoja, risasi mbili, kimoja kwa kimoja. Nikapiga kelele, "Rusha!"

Vikatoka. Nikapiga cha kwanza, kikawa vumbi. Jamani, raha ile! Halafu nikarudi nyuma hatua moja, nikainamisha kichwa upande, nikatazama pale hewani kilipokuwa. Cha pili kikapita zake kwa amani kikaenda kutua kwenye majani.

"Unafanya nini?" Mama akauliza.

"Naangalia."

"Unaangalia nini?"

Tukarudia, na tena nikavunja cha kwanza, nikarudi nyuma, nikainamisha kichwa. Ndipo mke wangu, aliyekuwa mbali kabisa ameziba masikio kwa mikono, akacheka mpaka akakaa chini.

"Mama, ndivyo anavyofanya kazini! Akimaliza upande mmoja wa kichwa anarudi nyuma kuangalia kama umelingana na mwingine."

"Ulingane na nini?" Mama akafoka. "Kimeshavunjika!"

Mazoea yana taabu. Nilijiapiza, nikajikaza kisabuni, lakini kila nilipovunja kimoja mguu wangu ulirudi nyuma wenyewe. Jumatatu jioni Mama akaja dukani bila bunduki. Alikuja na beseni.

Akalijaza maji, akaliweka nyuma ya visigino vyangu, akanipa fagio. "Piga cha kushoto," akasema. Nikaelekeza fagio kwenye kalenda, nikasema "pa!", na mguu ukazama mpaka kifundoni. "Tena." Pa, chubwi. Siku zile nilirudi nyumbani viatu vikilia kama vyura, na mke wangu alikuwa ameniwekea gazeti mlangoni nipitie juu yake. Hasira nilikuwa nazo, msidhani. Mtu mzima, baba wa mapacha, nimesimama na fagio nikisema pa, na mwanamke ameketi kwenye kiti changu cha kunyolea akijizungusha.

Lakini jioni moja nikasema pa, nikasema pa ya pili, na viatu vilikuwa vikavu. Mama akaacha kujizungusha. "Haya," akasema, akabeba beseni lake akaondoka.

Kesho yake mwalimu mkuu wa shule ya jirani alikuja kunyolewa, mteja wangu wa miaka mingi. Nikamnyoa upande wa kushoto, nikapitiliza kulia, nikapaka spiriti, nikakung'uta shuka, akaenda. Mchana akarudi amevaa kofia, na si mtu wa kofia.

"Kinyozi," akasema kwa upole uliokuwa mbaya kuliko matusi, "nimekukosea nini?"

Akaivua. Kulia nywele ziliishia juu ya sikio. Kushoto zilikuwa zimeshuka kana kwamba zina safari. Alikuwa amesimama hivyo mbele ya shule nzima mstarini, akiwahutubia juu ya unadhifu. Nikamnyoa upara, bure, na nikaomba radhi mpaka sauti ikakauka. Mama aliposikia hakuonyesha huruma hata kidogo.

"Dawa imeingia," akasema.

Siku ya mashindano upepo ulikuwa mbaya. Wapinzani wetu wakubwa walikuwa mfamasia na mkewe, waliokuja na kitoroli cha vifaa, viti vya kukunja na birika la chai. Mama alinikataza kutazama ubao wa matokeo. Alisema anayetazama ubao hatazami kisahani, na yeye mwenyewe aliupa mgongo. Kila kituo, yaani kila alama ya kusimama, alipiga yeye kwanza, kisha mimi. Vituo vya mwanzo alivunja vyote kwa mapozi, kama mtu anayezima taa za nyumba. Baadaye nikamwona akisugua bega. Kikamponyoka kimoja.

"Upepo," akasema.

Kituo kilichofuata kikamponyoka kingine, na safari hii hakusema upepo. Niliona jinsi alivyoshusha bunduki taratibu, akaikunja, akatoa maganda bila kumtazama mtu, na nikamwonea uchungu kama mama yangu wa kunizaa. Nikasema moyoni kwamba leo hii nafasi yake haiendi popote maadamu mimi nina mikono miwili. Kwenye vituo vilivyobaki kila mara kimoja kilimponyoka; vyangu mimi sikuvihesabu.

Kufika kituo cha mwisho mke wangu akaja mbio, masikio ameyajaza pamba. "Mko sawa na mfamasia kwenye nafasi ya tatu," akaniambia, akipaza sauti kwa kuwa hasikii sauti yake. "Wao wameshamaliza. Ukivunja kimoja tu mnapita!"

Nikatia risasi mbili, nikafunga mitutu, nikavuta pumzi. "Rusha!" Cha kushoto kikawa vumbi. Miguu haikutikisika. Cha kulia kilikuwa kimeshaanza kushuka, upepo umekisukuma, nikakifuata kwa mitutu nikakipita kidogo, nikafyatua. Vumbi.

Mama alinipiga kofi la mgongo nusura nimeze ulimi. "Mwanaume!" akapiga kelele. "Mwanaume kabisa!" Akanikumbatia na bunduki iliyokunjwa katikati yetu, na akabaki na mkono wake begani kwangu tulipokwenda kusikiliza matokeo.

Katibu wa klabu, muuza rangi mmoja mpole sana, akasoma. Jozi ya kwanza. Jozi ya pili. Jozi ya tatu, sisi. Tukapiga makofi. Kisha akakohoa.

"Kwa mujibu wa kanuni, nafasi inakwenda kwa yule aliyevunja visahani vingi zaidi kwenye jozi." Akatazama karatasi, akamtazama Mama, akatamani ardhi ipasuke. "Ambaye ni... ni kinyozi."

Kanuni hiyo hakuna aliyekuwa ameiulizia. Nani angeulizia? Mkono wa Mama ukashuka begani kwangu polepole.

"Hapana, hapana," nikasema haraka. "Katibu, andika Mama. Mimi nilikuja kumsaidia tu. Mimi hata mkanda sijavaa. Mpe Mama nafasi yake."

"Nyamaza," Mama akasema.

"Mama, mimi sitaki..."

"Nimesema nyamaza!" Uwanja mzima ulinyamaza, pamoja na mfamasia na birika lake. Macho yake yalikuwa yamelowa na hakuyafuta. "Kushindwa na mtu niliyemfundisha mwenyewe, hilo nitalala nalo. Litaniuma, lakini nitalala. Kuachiwa na mkwe kama kiti cha basi, silali. Umesikia? Ukijitoa usije kwangu tena."

Akamgeukia katibu.

"Nafasi inaweza kugombewa?"

"Ndiyo, Mama. Mwisho wa mwezi, mwanachama yeyote..."

"Niandike. Mimi dhidi ya huyu."

Garini mke wangu, aliyekaa katikati yetu, alisahau kutoa pamba, na nadhani alisahau kwa makusudi.

Jumatatu nilifunga duka mapema nikasubiri. Mama hakuja. Jumanne pia. Nilipandisha fagio begani mbele ya kioo, hakuna aliyenifokea shingo, na sitawaficha, nilijisikia yatima. Nilidhani amenichukia. Alhamisi mke wangu akatoka kwa mama yake na uso wa ajabu.

"Amesogeza makochi yote ukutani," akasema. "Anafanya mazoezi sebuleni, bega amelifunga bandeji. Na ananihoji."

"Anakuhoji nini?"

"Habari zako. Unaamka saa ngapi. Asubuhi unakunywa nini. Usiku unalala upande gani, bega lipi linalaliwa. Ukikasirika unanyamaza au unaongea. Ukiwa na wasiwasi mtu atakujuaje. Nimekaa pale tangu mchana, Baba Mapacha, nimechoka."

Nikaketi kwenye kiti cha wateja. Tangu nimwoe binti yake, mama huyu hakuwa amewahi kutaka kujua lolote kunihusu, hata kama natia sukari.

"Umemjibu?"

"La wasiwasi bado. Nimemwambia nitakuuliza."

"Mwambie nikiwa na wasiwasi napiga miluzi."

"Lakini wewe hupigi miluzi. Wewe ukiwa na wasiwasi unanunua vitu."

"Hilo usimwambie kabisa," nikasema, nikasimama kufunga mlango. "Ni mpinzani."