Somo la Joshoni

Phineas Wasike alikuwa na baiskeli, koti la kaki na cheo kilichowafanya walimu wasimame akiingia. Huo ulikuwa mwaka wa 1948. Misheni moja ya Eldoret ilikuwa imempa shule kumi na moja za mashambani upande wa Turbo, na kazi yake ilikuwa kuwafundisha walimu kufundisha. Kila alikokwenda alikaa nyuma ya darasa akasikiliza, kisha akamwita mwalimu kando na kumwonyesha alipokosea.

Wengi walimwogopa. Selpha Nanzala hakumwogopa, alimwamini. Alikuwa binti wa Kimilili, mwaka wake wa kwanza kazini, katika shule ya udongo kwenye shamba la mzungu, na kila alichoambiwa na Wasike alikishika kama dini.

Siku moja Wasike aliwakuta watoto wa Selpha wakiimba hesabu kama kasuku. Akamwuliza Jeruto, mtoto wa mkamuaji wa pale shambani, ng'ombe wanne na wengine watatu ni wangapi. Jeruto akatazama miguu yake.

"Umeona?" Wasike alimwambia Selpha walipotoka nje. "Wimbo wanaujua, hesabu hawajui. Watoe nje wahesabu vitu wanavyoviona."

"Niwapeleke wapi, mwalimu?"

Wasike akanyoosha mkono bondeni. "Pale joshoni. Kila Alhamisi ng'ombe wanaogeshwa, wanapita mmoja mmoja. Utapata wapi somo zuri kuliko hilo?"

"Na ile dawa ya kupe? Ni sumu."

"Si utakuwa nao?"

Alhamisi Selpha alikuwa nao, watoto thelathini na wanne. Walihesabu vizuri, hata wachungaji wakacheka kwa kupendezwa. Kisha fahali mmoja akagoma kuingia majini, akageuka, akavunja boma. Watoto wakatawanyika wakipiga mayowe. Jeruto alirudi nyuma bila kutazama, akatumbukia katika mfereji wa dawa. Wachungaji walimvuta kwa mti wa kuokolea ndama, lakini alikuwa ameshameza. Kabla jua halijachwa akakata roho.

Wiki iliyofuata Wasike na Selpha waliitwa wote wawili katika ofisi ya misheni. Mzungu mkuu alikuwa na barua ya mwenye shamba mkononi. Selpha alisimama karibu na mlango, kitambaa cheusi kichwani.

"Nani alimwambia apeleke watoto joshoni?"

Wasike alifikiria nyumba yake ya mabati, watoto wake wanne, baiskeli iliyoegemezwa pale nje.

"Nilimwambia awatoe nje, Bwana. Nje tu."

Selpha akageuza uso, akamtazama. Alingoja, kana kwamba maneno mengine yalikuwa njiani.

"Ni kweli?" mzungu akamwuliza.

"Kama mwalimu amesema hivyo," Selpha akajibu polepole, "basi ni hivyo."

Alifutwa kazi siku hiyohiyo, na shule ikafungwa. Watu walimwona stesheni ya Turbo akipanda gari la moshi na sanduku lake la bati, na hakurudi tena huku.

Jumamosi Wasike alienda kwa akina Jeruto. Njia nzima alikuwa akiyapanga maneno ya kukiri. Alimkuta Jepchirchir, mama wa mtoto, akipukuchua mahindi mbele ya nyumba.

"Mama Jeruto," alianza.

"Keti, mwalimu. Katika wale wa misheni, ni wewe tu umekuja."

Akamletea maziwa ya kibuyu. Wasike akayapokea kwa mikono miwili, akaketi.

"Watu wanasema yule msichana ndiye aliyemwua mtoto wangu," Jepchirchir alisema. "Wewe ndiwe mkubwa wake. Unasemaje?"

Upande wa zizi Kipkorir, baba wa mtoto, alikuwa akikamua, hakuinua kichwa. Wasike alikunywa maziwa mpaka kibuyu kikaisha.

"Alikuwa bado mchanga kazini," alisema.

Jepchirchir akatikisa kichwa, akachukua hindi jingine.

"Basi Mungu amsamehe."

"Amina," akasema Wasike.